CV Hairekebishi Seva: Dhana Potofu Kuhusu Kuajiri Mafundi

Kazi yangu ni kuwasaidia waajiri kupata wasanidi programu, wasimamizi wa seva na mafundi wa mitandao. Mara nyingi nikifika, mchujo umeshafanyika. CV zimepangwa mafungu mafungu, na meneja ananiambia kwa kujiamini: "Mimi nikiisoma CV tu, najua huyu kazi anaiweza au haiwezi." Kauli hiyo nimeisikia hadi nimekinai. Zipo dhana nyingine potofu kuhusu CV na nitazigusa huko mbele, ila hii ndiyo inayozizaa nyingine, kwa hiyo mnivumilie nikae nayo.

"Nikiisoma CV, najua nani anaiweza kazi"

Hujui. Unachojua ni nani anaweza kuandika CV, au nani ana rafiki anayejua kuandika, au siku hizi nani ameiambia akili mnemba imwandikie. Kuandika vizuri ni ujuzi, sikatai, lakini hukutangaza nafasi ya mwandishi. Zamani makosa ya tahajia na mpangilio mbovu vilisaidia kidogo kumtenga mzembe na mtu makini. Hata hilo sasa limekwisha. Zinakuja CV mia, zote zimenyooka, zote zimejaa maneno ya tangazo uliloandika wewe mwenyewe wiki iliyopita, nawe unafurahi kwamba "huyu anatufaa kabisa".

Hebu tazama CV ina nini ndani. Ukiondoa jina na anwani, yanabaki mambo matatu: umesoma wapi na kwa muda gani, umefanya kazi wapi na kwa miaka mingapi, na orodha ya vitu unavyodai kuvijua. Mwaka 1998 wanasaikolojia Frank Schmidt na John Hunter walichapisha majumuisho ya tafiti za miaka 85 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi. Kipimo chao: 0 maana yake njia haibashiri chochote kuhusu utendaji wa mtu kazini, 1 maana yake inabashiri bila kukosea. Miaka ya masomo ilipata 0.10. Miaka ya uzoefu, 0.18. Jaribio la kazi, yaani kumpa mwombaji kipande cha kazi halisi akifanye, lilipata 0.54, na usaili wa kupangwa, ambao kila mtu anaulizwa maswali yaleyale na kupewa alama kwa vigezo vilivyowekwa mapema, ulipata 0.51.

Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walizipitia upya hesabu hizo, wakaona nyingi zilikuwa zimekuzwa, wakazishusha. Usaili wa kupangwa ukatoka kinara kwa 0.42, jaribio la kazi likashuka hadi 0.33. Miaka ya uzoefu haikupanda hata hatua moja, ilibaki kulekule mkiani. Wataalamu wanabishana nani awe wa kwanza, lakini vile vya mkiani, ambavyo ndivyo CV imejaa, sijaona anayevitetea.

Meneja akisikia haya hunijibu: "Hizo ni takwimu, mimi nina jicho." Jicho nalo limepimwa. Wachumi Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walituma karibu CV 5,000 za kubuni kujibu matangazo ya kazi ya Boston na Chicago, wakayagawa majina bila mpangilio: nyingine zikapewa majina yanayosikika kuwa ya Wazungu, nyingine ya Wamarekani weusi. Matokeo yalichapishwa 2004. Kundi la kwanza lilipigiwa simu kwa kiwango kilichozidi la pili kwa asilimia 50. Kazi zile zilikuwa za mauzo na za ofisini, si za ufundi, lakini sioni kwa nini msomaji wa CV za mafundi awe na macho tofauti. Akiona jina la chuo anachokijua, mabega yanashuka. Akiona kampuni kubwa, ameshaanza kumpangia mtu meza.

Wengine hudhani dawa ni kuiachia mashine. Amazon walijaribu. Mwaka 2018 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba kampuni hiyo ilikuwa imetengeneza programu ya kuzipa CV alama, ikafundishwa kwa CV walizopokea kwa miaka 10, nyingi zikiwa za wanaume. Programu ikajifunza kuzishusha CV zilizotaja mambo ya wanawake, mathalani klabu ya sataranji ya wanawake. Mradi ukavunjwa. Mashine iliiga mazoea iliyoonyeshwa, na mazoea hayo yalikuwa ya watu.

Basi ufanyeje? Mpe kazi kidogo umwone. Sisemi mafumbo ya kubahatisha mipira ya gofu inaingia mingapi kwenye basi. Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wa rasilimali watu Google, aliliambia gazeti la New York Times mwaka 2013 kwamba mafumbo ya aina hiyo ni kupoteza muda. Nasema kipande cha kazi atakayoikuta Jumatatu.

Mfano ninaoupenda kwa wasanidi wa mifumo ya malipo ni programu fupi, ya ukurasa mmoja, inayojumlisha malipo ya wateja. Inafanya kazi, ila jumla ya mwisho wa siku hailingani na ya benki kwa senti chache. Chanzo ni kwamba fedha zimehifadhiwa kama namba za desimali za kompyuta, zile ambazo ukizijumlisha 0.1 na 0.2 zinakujibu 0.30000000000000004. Mwombaji anapewa programu, anapewa taarifa ya benki, anaambiwa: mhasibu analalamika, tusaidie.

Hapo CV zinaanza kuvuliwa nguo. Yupo atakayeifuta programu yote aandike upya kwa lugha anayoipenda, na kosa lilelile litarudi naye asijue. Yupo atakayezungusha jumla ya mwisho ili ilingane na ya benki, akabidhi, aondoke akitabasamu. Na yupo atakayekaa kimya dakika kadhaa, kisha aulize: "Kiasi hiki kinahifadhiwa kama namba ya aina gani kwenye hifadhidata?" Swali hilo moja lina thamani kuliko ukurasa wake mzima wa "ustadi". Huyo hata asipomaliza muda ukiisha, mwite tena.

Kwa fundi wa mitandao, nampa mtandao mdogo wenye kompyuta mbili zisizoonana kwa sababu mojawapo imewekewa kinyago cha mtandao (subnet mask, namba inayoiambia kompyuta ni anwani zipi zilizo kwenye mtandao wake) kisicho sahihi. Sitazami amechukua dakika ngapi. Natazama anaanzia wapi: anapima kitu kimoja kimoja kuanzia kwenye waya, au anabadilisha mipangilio mitano kwa mpigo halafu hajui ni upi uliosaidia?

Kuna masharti yangu kuhusu majaribio haya, na wateja wangu wanajua siyalegezi. Tengeneza jaribio kabla ya kuandika tangazo. Ukishindwa kulitengeneza, ujue hujui unamtafuta nani. Mpe kwanza mfanyakazi wako bora uliye naye sasa. Akilimaliza kwa zaidi ya saa moja, lipunguze. Usimpe mtu kazi ya kufanya nyumbani Jumamosi na Jumapili nzima, maana wenye watoto na wenye ajira watakukimbia, nawe utabaki na wenye nafasi. Ukihitaji zaidi ya saa mbili za muda wake, mlipe. Na usimpe kazi ambayo kesho utaiuza kwa mteja. Hilo nimeliona likifanyika, nalo lina jina baya.

"Basi CV haina maana, tuitupe"

Hapana. Ukipokea maombi mia mbili huwezi kuwapa watu mia mbili jaribio na kuliangalia kila moja kwa haki. Kitu lazima kikuambie uanze na nani, na kwa mtafuta kazi CV ndiyo inayomfikisha mlangoni. Anayejiliwaza kwamba kizuri chajiuza atakaa nyumbani na uzuri wake.

CV isomwe kama karatasi ya maswali. Imeandikwa, "Nilishiriki kuhamisha mfumo wa malipo kwenda seva mpya." Wengi wanaitikia kwa kichwa na kupita. Mimi nasimama hapo: Mlikuwa wangapi? Sehemu yako ilikuwa ipi? Siku ya kuhama, kitu gani kiligoma? Mlijuaje kwamba hakuna rekodi iliyopotea? Aliyekuwepo atakusimulia hadi umzuie, atakutajia hitilafu iliyotokea usiku na nani aliyeigundua. Aliyekuwa pembeni atarudia sentensi ya CV kwa maneno mengine.

Na ninyi waombaji, mistari ya asilimia za ustadi muifute. "Python asilimia 85." Asilimia 85 ya nini? Nani alikupima? Weka sentensi moja ya kitu ulichokitengeneza na kilichobadilika baada yake.

"Miaka 10 ya uzoefu lazima"

Mwaka 2020 Sebastián Ramírez, aliyebuni FastAPI, zana ya kutengenezea programu za mtandaoni, aliandika Twitter kwamba ameona tangazo la kazi linalodai uzoefu wa miaka 4 na zaidi wa FastAPI. Yeye mwenyewe alikuwa ameibuni mwaka mmoja na nusu tu kabla. Asingepita mchujo.

Nikiuliza waajiri kwa nini miaka 10, jibu la kweli ni kwamba namba ni rahisi kuchujia. Mtu anaweza kufanya jambo lilelile la mwaka wa kwanza mara kumi. Andika unataka aweze kufanya nini bila kusimamiwa, miaka uiache.

"Vyeti vinatosha"

Inategemea cheti cha nini. Kama sheria inataka anayefunga umeme wa jengo au kusaini michoro ya daraja awe na leseni, hapo hakuna mjadala: leseni kwanza, na usiiamini nakala iliyobandikwa kwenye CV, uliza bodi iliyoitoa. Katika programu na mitandao, cheti kinasema tu kwamba siku fulani mtu alifaulu mtihani fulani. Vingine vina ukomo. CCNA, cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco, kwa mfano, inadumu miaka 3. Tazama tarehe.

Kuhusu alama za chuo, Bock huyohuyo alisema Google walikuta hazihusiani na utendaji, isipokuwa kidogo tu kwa wahitimu wapya kabisa. Mwombaji ana miaka minane kazini, bado unamwomba matokeo ya chuo?

"Mashine inatupa asilimia 75 ya CV kabla mtu hajaziona"

Takwimu hii inapendwa sana na wanaouza huduma ya kuandika CV. Sijawahi kuonyeshwa utafiti unaoitegemeza. Mifumo ya kupokelea maombi kimsingi ni makabati: inahifadhi, inapanga, inamwezesha mwajiri kutafuta maneno. Kinachomwondoa mtu papo hapo mara nyingi ni swali la fomu, kama "Una kibali cha kufanya kazi?", ambalo yeye mwenyewe amejibu hapana. Anayebaki nje bila kusomwa kwa kawaida ameachwa na binadamu aliyechoka, aliyefika CV ya arobaini akaona anao wa kutosha.

Kuna jambo moja la kiufundi lililo kweli. Mfumo huchomoa maneno kutoka kwenye faili, na CV yenye safu mbili, majedwali au maandishi yaliyo ndani ya picha inaweza kuchomolewa shaghalabaghala. Jipime mwenyewe: fungua PDF yako, nakili maandishi yote, yabandike kwenye programu ya maandishi matupu. Ukiona tarehe za kazi moja zimeangukia kwenye kazi nyingine, rekebisha. Na ule ujanja wa kuficha maneno kwa wino mweupe uache, maana maandishi yakichomolewa rangi haipo, nami nayaona yote.

"Angalia GitHub yake, utajua"

GitHub ni tovuti ambako wasanidi huhifadhi na kuonyesha msimbo wao. Kauli hii inatoka kwa wasanidi wenyewe, na inaniudhi kwa kuwa wanajidai wameikimbia CV wakati wamebuni nyingine. Wengi wa wazuri niliowahi kuwapeleka kazini hawana kitu hadharani. Msimbo wao wote ni mali ya mwajiri, na jioni wana familia. Vile viboksi vya kijani vya GitHub vinavyoonyesha bidii ya kila siku navyo si ushahidi wa bidii: Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo, inakuruhusu kuandika tarehe yoyote utakayo kwenye badiliko lolote, na mtu anaweza kujitengenezea mwaka mzima wa kazi kwa dakika tano. Akikuonyesha mradi wake mwenyewe, vizuri, kaa naye muufungue pamoja akueleze kwa nini aliugawa vile.

"Mwenye pengo kwenye CV ana walakini"

Muulize. Aliugua, aliuguza, alilea, kampuni ilifungwa, alichoka. Majibu hayo yote nimeyapata, na hakuna hata moja lililowahi kunieleza kama mtu anajua kusoma faili la kumbukumbu za seva. Ukiwa na wasiwasi kwamba ameachwa nyuma na teknolojia, jaribio la saa moja lipo, na yeye atalifanya sawa na wenzake wasio na pengo.