Je, wajua kwa nini wanafizikia walihitaji risasi kutoka meli ya Warumi iliyozama?

Mwaka 2010, makumbusho ya Cagliari kisiwani Sardinia yaliwakabidhi wanafizikia wa Italia mikuo 120 ya risasi (madini, siyo ya bunduki). Kila mkuo una kilo 33 hivi, na ulilala chini ya bahari kwa takriban miaka 2,000. Maandishi ya Kirumi yalikatwa yakahifadhiwa, iliyobaki ikayeyushwa. Kuna waakiolojia walionung'unika, na kwa kweli siwalaumu.

Risasi huzuia mnururisho, lakini risasi mpya nayo hunururisha. Ndani yake mna risasi-210, aina ya risasi inayonururisha, inayopungua kwa nusu kila miaka 22. Ya Warumi ilishaisha kitambo.

Kinachokingwa ni jaribio la CUORE, ndani ya mlima Gran Sasso nchini Italia, chini ya mwamba wa mita 1,400. Humo mna fuwele 988 za oksidi ya teluri (elementi mojawapo), jumla kilo 742, zenye baridi iliyokaribia kabisa nyuzi 273 chini ya sifuri.

Mara chache mno, nyutroni mbili za kiini cha teluri-130 hugeuka protoni kwa mpigo, zikatoka elektroni mbili na antinyutrino mbili (pacha za kinyume za nyutrino, chembe ndogo mno zisizo na chaji). Hilo limeshapimwa. Linalosakwa ni elektroni mbili kutoka peke yake. Likitokea, basi nyutrino na antinyutrino ni kitu kimoja, kama alivyowaza mwanafizikia Mwitalia Ettore Majorana mwaka 1937. (Mwaka uliofuata alipanda meli Palermo, asionekane tena.)

Watajuaje? Antinyutrino zikitoka, huchukua sehemu ya nishati, leo nyingi, kesho kidogo. Zisipotoka, elektroni hubaki na yote, na jumla haibadiliki: kiloelektronivolti 2,527 (kipimo cha nishati ya chembe). Fuwele hupata joto kidogo sana, chini ya sehemu ya elfu moja ya nyuzi. Kwenye baridi ile, hata hilo linasomeka.

Hadi matokeo ya mwaka 2022, hawakuona kitu. Maana yake, nusu ya viini hivyo ingehitaji zaidi ya miaka 22 ikifuatwa na sifuri 24 ili kuoza kwa njia hii. Mbona basi wanaendelea? Ni kama bahati nasibu: mwenye tiketi moja atazeeka bure, ila fuwele zile zina viini vya teluri-130 vinavyokaribia 1 na sifuri 27. Hata hivyo tiketi hazijatosha. Mradi unaofuata, CUPID, utaweka fuwele za molibdeni katika jokofu lile lile.