Mshirika wa tasnia ni nani katika mradi wa chuo?

Mwanafunzi wa kompyuta pale Tudor, Mombasa, akimwambia mamake kwamba mradi wake wa mwaka wa mwisho anaufanya "na industri", mama huenda akaona moshi: saruji ya Bamburi, matangi ya mafuta ya Changamwe. Kumbe mshirika mwenyewe ana malori kumi tu yanayobeba makontena kutoka Kilindini. Neno limevaa kanzu kubwa kuliko mwili. Mshirika wa tasnia, au wa sekta kama wengine wasemavyo, ni shirika lolote la nje ya chuo lenye tatizo la kweli na lililokubali wanafunzi walichunguze. Benki, hoteli, zahanati, hata idara ya kaunti.

Wengi huchanganya jambo hili na atachi. Kwenye atachi unakwenda kwa watu miezi miwili mitatu, unafanya kazi za pale, unajaza logibuku, unarudi. Utaratibu wa kuchanganya darasa na kazi ni wa zamani; Herman Schneider aliuanzisha katika Chuo Kikuu cha Cincinnati, Marekani, mwaka 1906 kwa wanafunzi wa uhandisi. Lakini huko unajifunza kazi ambayo wenyewe wanaijua tayari. Mradi wa utafiti huanza pale ambapo hata mwenye kampuni hajui jibu.

Turudi kwa mwenye malori. Siku ya kwanza atasema: "Nitengenezeeni programu ya kunionyesha lori langu liko wapi." Huo si utafiti. Vifaa vya kufuatilia magari vinauzwa madukani, na mwanafunzi akikubali atakuwa fundi wa bure. Sasa mwalimu anamuuliza kinachomuuma hasa. Inatoka kwamba kontena tupu likichelewa kurudishwa, kampuni ya meli humtoza kwa kila siku iliyozidi, na yeye hajui alitoe lori saa ngapi lisikwame kwenye foleni ya geti. Hapo swali limezaliwa: je, rekodi za safari za mwaka uliopita zinaweza kukisia urefu wa foleni vizuri zaidi kuliko mzee anayepanga zamu za madereva?

Huyo mzee msimpuuze. Ana miaka ishirini pale, anajua meli kubwa ikitia nanga foleni itafika wapi, na anajua Ijumaa mchana kunakuwaje. Yeye ndiye kipimo. Kompyuta ikikisia kwa kukosea dakika arobaini na mzee akakosea thelathini, mzee ameshinda, na mwanafunzi bado anaweza kupata alama nzuri, ilimradi aeleze kwa nini ameshindwa. Pengine rekodi hazioneshi ratiba ya meli, ambayo mzee huipata kwa simu. Hilo lenyewe ni matokeo. Kumweleza mfanyabiashara kwamba ametoa miezi sita ya ushirikiano akapata "haikufaa, na sababu ni hii" ni kazi ngumu, kwa hiyo aambiwe mapema kabla hajaweka matumaini.

Kuna suala la data, na hapa ndipo muda mwingi huishia. Rekodi zitakuja kwenye flashi, tarehe zimeandikwa kwa namna tatu, lori moja lina namba mbili. Kuzisafisha hula wiki nyingi kuliko kuandika kodi, yaani maagizo ya kompyuta. Halafu ndani yake mna majina ya madereva na simu zao, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Majina yaondolewe na namba za siri ziwekwe mahali pake kabla faili haijatoka ofisini kwa mwenyewe. Kufuta jina peke yake hakutoshi pia: dereva mmoja tu akiwa ndiye aendaye Malaba kila Jumanne, walio kazini watamjua.

Na nani anamiliki kitakachopatikana? Larry Page alipokuwa mwanafunzi wa Stanford alibuni njia ya kupanga kurasa za intaneti ambayo Google ilijengwa juu yake. Hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi huo, ilikuwa ya chuo, Google ikapewa leseni, na hisa za Google ambazo Stanford ilizipata kwa leseni hiyo iliziuza kwa dola milioni 336 hadi kufikia 2005. Mradi wa malori hautafika huko, lakini mambo ya kuandikiana ni yale yale: kodi ya programu ni ya nani, kampuni ina siku ngapi za kuisoma ripoti kabla haijatolewa, na ni siri zipi zisizotajwa. Mimi ningeweka wazi pia kwamba kampuni inaweza kuomba siri zake zifichwe, lakini haiwezi kuomba matokeo mabaya yageuzwe kuwa mazuri.

Mwisho wa mwaka mshirika hupokea ripoti na programu ya majaribio. Ya majaribio, narudia. Mwanafunzi akishahitimu akaenda zake Nairobi, hakuna wa kuijibu simu siku itakapogoma saa nane za usiku. Mwenye malori akiipenda, atafute programa amlipe, naye aanze na ile ripoti mkononi.