Picha safi, mtu si yule: dhana potofu kuhusu kudai fidia ya jeraha la ubongo

Bodaboda ikianguka kwenye barabara ya Newala na abiria akavunjika mguu, hakuna anayembishia, maana plasta kila mtu anaiona. Anayeonewa ni yule aliyegonga kichwa, akainuka, akaenda nyumbani kwa miguu yake. Dai lake linaweza kufia nyumbani, kabla hata wakili hajaliona, kwa sababu ya mambo ambayo watu wanayaamini tu.

"Picha ya CT imetoka safi, kwa hiyo ubongo hauna kitu."

Hii ndiyo inayoumiza kuliko zote. Picha ya CT, ile ya kichwa inayopigwa kwa mionzi, hutafuta mambo ya dharura: damu iliyovia, fuvu lililopasuka, ubongo uliovimba. Mtikisiko wa ubongo mara nyingi hauachi alama yoyote pale, kwa kuwa kilichoumia ni nyuzi nyembamba mno za fahamu na namna zinavyopashana habari. MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, huona zaidi, lakini nayo inaweza kutoka safi. Daktari aliyeandika "hakuna damu iliyovia" hajaandika "mgonjwa ni mzima", ila upande wa bima utajaribu kuyasoma maneno hayo kama kitu kimoja. Kama daktari wako ameona dalili za mtikisiko, mwombe aandike waziwazi kwamba picha safi haiziondoi.

"Hakuzimia, basi ubongo haukuguswa."

Kuzimia si sharti. Mtu anaweza kubaki macho wazi huku amechanganyikiwa, anauliza swali lilelile mara tano, na kesho yake hakumbuki nani alimfikisha hospitali. Kipimo cha Glasgow, cha kupima fahamu za mgonjwa, kinachotumika tangu 1974, kina alama 3 hadi 15, na mwenye 15 kamili bado anaweza kuwa na mtikisiko. Ndiyo maana muuza mihogo aliyekuwa kando ya barabara akamsikia akiropoka ni shahidi wa thamani. Chukueni jina lake na namba ya simu siku hiyohiyo.

"PF3 ikishajazwa, ushahidi umekamilika."

PF3, fomu ya polisi ya matibabu, hueleza daktari alichokiona siku alipoijaza. Maumivu ya kichwa, usahaulifu, mwanga kumkera, usingizi kukatika na hasira za ghafla vinaweza kujitokeza siku au wiki kadhaa baadaye. Kwa mzee, damu inaweza kuvuja taratibu ndani ya fuvu, na dalili zikaja wakati watu wameshasema ni uzee tu. Kila dalili mpya irudisheni hospitali, iwe Ligula, Sokoine, Ndanda, Nyangao au zahanati ya kijijini, iandikwe na tarehe yake.

Kuna jambo hapa linaloniuma. Mtu akibadilika ghafla, ndugu husema kachezewa. Anapelekwa kwa mganga, miezi mitatu inakatika bila karatasi hata moja ya hospitali. Siwalaumu, kila mtu hutafuta nafuu anakoijua. Lakini pengo hilo kwenye faili ndilo la kwanza kuulizwa: kama alikuwa anaumwa, mbona hakurudi? Kwa mganga mkitaka nendeni, hospitali msiache.

"Ushahidi ni wa daktari, mke na jirani hawana la kusema."

Chukua karani wa chama cha msingi cha ushirika kule Tandahimba. Msimu wa korosho uliopita alishinda kwenye mzani, anasoma kilo, anaandika stakabadhi, anajumlisha kichwani huku wakulima wakimpigia kelele. Baada ya ajali anaandika 67 mahali pa 76. Jioni watoto wakicheza anawafokea, yeye ambaye hakuwahi kupaza sauti. Daktari aliyekutana naye baada ya ajali hajui alikuwa mtu wa namna gani. Mkewe anajua. Katibu wa chama anajua, tena ana vitabu vya stakabadhi vya kabla na vya baada, mwandiko uleule, makosa mapya. Vitabu hivyo ni ushahidi mzito.

Mke naye aanze daftari, bila kutia chumvi. "Leo hali mbaya" haisaidii. "Jumanne, kabandika ugali akausahau, sufuria imeungua" inasaidia. Mahakama ya madai haidai uthibitisho usioacha shaka kama kesi ya jinai. Inapima upande upi una uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli, na mambo madogo ya kila siku ndiyo yanayojaza upande huo.

Mkipewa rufaa kwenda MOI, taasisi ya mifupa na ubongo ya Muhimbili, Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 550 kutoka Mtwara, tunzeni tiketi za basi na risiti za dawa. Gharama halisi huthibitishwa moja baada ya nyingine.

"Aliwahi kuanguka mnazi, atakataliwa."

Aliyekosa anamkuta mtu kama alivyo, na akimzidishia maumivu anawajibika kwa aliyoyazidisha. Kinachoua dai ni kuficha jeraha la zamani, kwa hiyo mwambieni wakili mapema.

"Dereva akitozwa faini, fidia inafuata."

Faini ni ya serikali. Fidia ni dai lingine kabisa, dhidi ya dereva na mwenye chombo, na kwa gari au pikipiki bima ya mtu wa tatu, ile inayomlipa aliyeumizwa, ni lazima kisheria. Kutiwa hatiani kwa dereva husaidia kuthibitisha kosa lake, jeraha bado ni kazi yako kulithibitisha. Kama ajali ilitokea kazini, mwajiri au mfuko wa fidia kwa wafanyakazi (WCF) upewe taarifa ndani ya miezi 12.

"Tumeshayamaliza kifamilia."

Mkisaini karatasi ya kupokea malipo ya mwisho wiki ya pili, mnauza jeraha ambalo hata daktari hajalijua ukubwa wake, kwa sababu ubongo huchukua miezi kuonyesha nini kitarudi na nini hakitarudi. Dai la namna hii lina muda wa miaka 3 tangu ajali kufunguliwa mahakamani. Pokeeni hela ya matibabu mkipewa, andikeni kwamba ni ya matibabu, na hiyo karatasi nyingine muipeleke kwanza kwa wakili au msaidizi wa kisheria aisome.