Mnenguaji wa Filamu Bubu: Yanayosemwa na Yaliyomo Kwenye Mkanda

Mtu akiambiwa kwamba The Pleasure Garden ya mwaka 1925 ni filamu bubu ya mapenzi inayowahusu wanenguaji wa ukumbi mmoja wa London, mara nyingi huwa ameshaimaliza kichwani mwake kabla hajaitazama. Binti wa jukwaani atakuwa mwepesi wa tabia na atamponza kijana wa watu, na picha yenyewe itakuwa nyeusi na nyeupe, kimya kama kaburi, watu wakikimbiakimbia ndani yake kama kuku waliofurushwa. Nimeitazama zaidi ya mara moja, na katika hayo yote sijaona la kushika.

Dhana iliyoota mizizi kuliko zote ni kwamba filamu za aina hii zilitengenezwa kwa ajili ya kumkodolea macho mnenguaji. Macho yamo, tena ndiyo yanayofungua hadithi. Wasichana wanateremka mbiombio kwenye ngazi ya kuzunguka kuelekea jukwaani, kisha kamera inapita taratibu mbele ya wanaume walioketi safu ya kwanza. Mmoja wao, mwenye miwani ya jicho moja, anaona ukungu mtupu. Anashika darubini ndogo, na mara miguu ya Patsy Brand inamjia wazi. Patsy, anayeigizwa na Mmarekani Virginia Valli, anamwona jinsi anavyomtazama. Baadaye bwana huyo anapomsogelea na kukisifia kishungi cha nywele kilichomvutia, Patsy anakichomoa kichwani, kwani kumbe kilikuwa cha bandia, na kumkabidhi mkononi. Anayechekwa hapo ni mtazamaji, na mwongozaji Alfred Hitchcock, aliyekuwa na miaka 25 wakati huo, ameyasema hayo ndani ya dakika chache bila kuhitaji kibao kirefu cha maandishi, yale yanayooneshwa kati ya picha badala ya sauti.

Kutoka hapo inafuata dhana nyingine, kwamba hadithi inamhukumu mwanamke kwa kazi yake. Hata sisi tunaoliazima neno mnenguaji kutoka kwenye bendi za dansi tunajua lawama linazobeba, kwa hiyo si ajabu msomaji akazitarajia. Lakini filamu inawaweka wanenguaji wawili kando kwa kando, na kazi ileile haielezi tabia ya yeyote kati yao. Jill Cheyne anafika mlangoni pa ukumbi akiwa mgeni wa mji, anaibiwa barua yake ya utambulisho, na Patsy ndiye anayemchukua na kumlaza chumbani kwake. Kesho yake mgeni huyohuyo anakataa pauni 5 kwa wiki na kudai 20, na haupiti muda mrefu kabla hajamsahau mchumba wake Hugh, aliyekwenda ng'ambo kutafuta maisha, kwa sababu ya mwana wa mfalme mwenye mali. Tena mtu mbaya kuliko wote hatoki jukwaani kabisa. Ni Levet, bwana mwenye ajira na mavazi ya heshima, anayemwoa Patsy, wanakula fungate Ziwa Como, kisha anakwenda koloni, anaishi na mwanamke wa huko, na mambo yanapoharibika anamwua mwanamke huyo kwa kumzamisha majini.

Huyo mwanamke wa koloni amezua kosa lake mwenyewe. Orodha nyingi za zamani za waigizaji zinasema aliigizwa na Nita Naldi, nyota wa Marekani aliyewahi kucheza na Rudolph Valentino, mwigizaji mashuhuri wa filamu bubu. Naldi hayumo katika filamu hii. Alicheza katika filamu iliyofuata ya Hitchcock, The Mountain Eagle. Wala tusidhani kwamba kamera ilifika koloni lolote. Mandhari ya tropiki ilipigwa Alassio, katika pwani ya Italia, na sehemu za ndani zilipigwa katika studio za Emelka, Munich, kwa kuwa mtayarishaji Michael Balcon alikuwa ameingia ubia na Wajerumani. Ukiujua ukweli huo, unaitazama pwani ile kwa jicho lingine: ni koloni la kubuni lililojengwa na Wazungu kwenye ufuo wa Kizungu, na mwanamke wa huko hapewi hadithi yake mwenyewe ila kifo na mzuka wake unaomwandama muuaji. Hapo mimi naiona filamu imepungukiwa, pamoja na werevu wake wote.

Wapo pia wanaosema kwamba Hitchcock alianza na The Lodger, filamu yake nyingine ya enzi hiyo. Kilichowachanganya ni ratiba ya maonyesho. The Pleasure Garden ndiyo filamu ndefu ya kwanza aliyoiongoza hadi mwisho, kwani Number 13 ya mwaka 1922 iliishia njiani kwa kukosa fedha. Msambazaji C. M. Woolf hakuvutiwa na mtindo wake, hivyo watazamaji wa kawaida wa Uingereza hawakuipata hadi Januari 1927, wiki chache tu kabla ya The Lodger kuingia kumbini.

Kuhusu ukimya, rangi na kasi, maneno machache yanatosha. Filamu bubu zilisindikizwa na piano au okestra iliyopigwa papo hapo. Mikanda mingi ilitiwa rangi, na wa The Pleasure Garden ulikuwa mmojawapo, ingawa nakala zilizozunguka kwa miaka mingi hazikuwa nazo. Nayo mbio za kuchekesha hutokea pale mkanda uliopigwa kwa picha chache kwa sekunde unapochezwa kwa picha 24, mwendo uliowekwa na filamu za sauti. Mwaka 2012 Taasisi ya Filamu ya Uingereza ilioanisha nakala kadhaa, ikarudisha takriban dakika 20 zilizokuwa zimepotea pamoja na rangi zake, na filamu ikaoneshwa London kwa muziki mpya wa Daniel Patrick Cohen. The Mountain Eagle, alimocheza Naldi kweli, haijapatikana hadi leo. Zimebaki picha za mnato tu.