Kupoteza mfululizo si ishara kwamba timu imekwisha

Jioni moja katika komine ya Katuba, hapa Lubumbashi, nilimwona kijana akivua jezi yake na kuikunja polepole, kwa sababu timu yake ilikuwa imepoteza mchezo wa tano mfululizo na, kama wengi wasemavyo tangu zamani, aliamini kwamba imekwisha. Uchungu wake naujua vizuri, lakini imani hiyo si sahihi. Katika msimu wa NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani, wenye michezo 82, hata timu inayoshinda nusu ya michezo yake ina uwezekano unaozidi nusu wa kupoteza mitano mfululizo wakati fulani, bila chochote kuharibika ndani yake.

Bismack Biyombo, mzaliwa wa mji wetu huu, alianza NBA akiwa na timu ya Charlotte katika msimu uliofupishwa wa 2011–12, ambapo timu ilishinda michezo 7 tu na kupoteza 59, ikiwemo yote 23 ya mwisho. Misimu miwili baadaye, yeye akiwa bado humo, ilishinda 43 na kufuzu hatua ya mtoano. Tuangalie zaidi namna timu inavyopoteza: kufungwa kwa pointi 3 ugenini, mfungaji mkuu akiwa majeruhi, hakulingani na kufungwa kwa pointi 30 nyumbani.