Ezra Cornell: Aliyozushiwa na Aliyoyafanya

Ukitaja Cornell, wengi hukumbuka chuo kikuu cha Ithaca, jimbo la New York. Ezra Cornell mwenyewe (1807–1874) hajulikani sana, ndiyo maana amezushiwa mengi.

La kwanza ni kwamba yeye ndiye aliyevumbua telegrafu, yaani mtambo wa kutuma ujumbe kwa umeme kupitia nyaya. Si kweli. Mashine ilikuwa ya Samuel Morse. Ezra alikuwa seremala, mtoto wa mfinyanzi, asiye na shule ya kutajika, na wakati huo alikuwa akichuuza plau. Mwaka 1843 serikali ya Marekani ilitenga dola 30,000 za kujenga laini ya majaribio kutoka Washington hadi Baltimore, nayo ilipangwa ipite chini ya ardhi. Ezra akaunda plau ya kuchimba mtaro, kulaza bomba la nyaya na kulifukia, yote kwa mkupuo mmoja. Plau ilikwenda vizuri. Tatizo lilikuwa ndani ya bomba: nyaya hazikukingwa vya kutosha, umeme ukawa unavuja. Morse alitaka kazi isimame bila magazeti kunusa kwamba fedha za umma zinazikwa bure. Basi Ezra akawahimiza nyumbu, akaigongesha plau kwenye mwamba hadi ikavunjika, na dunia ikaambiwa ni ajali. Baadaye nyaya zilipandishwa kwenye nguzo, na tarehe 24 Mei 1844 ujumbe ukafika Baltimore.

Wapo pia wanaomwita gavana. Aliyeshika ugavana wa New York, kuanzia 1880, ni mwanawe Alonzo. Baba aliishia kwenye bunge la jimbo: baraza la chini 1862 na 1863, kisha Seneti 1864 hadi 1867. Humo ndimo alimokutana na Andrew Dickson White, mwanzilishi mwenzake wa chuo.

Utajiri wake nao haukushuka ghafla. Kazi nyingi za telegrafu alilipwa kwa hisa ambazo wengine waliziona makaratasi tu. Alizing'ang'ania huku madeni yakimkaba, mpaka makampuni yalipoungana ikazaliwa Western Union mwaka 1856.

Tuhuma nzito zaidi ni kwamba alikula ardhi ya umma. Sheria ya Morrill ya 1862 ililipa kila jimbo ekari 30,000 kwa kila seneta na mbunge wake wa Washington, ili lianzishe elimu ya kilimo na ufundi. New York ikapata vyeti vya kudai ekari 990,000 za ardhi ya umma katika majimbo mengine. Majimbo mengi yaliuza vyeti vyao kwa pupa, bei ikaporomoka. Ezra akanunua sehemu kubwa ya vyeti vya New York, akachagua misitu ya misonobari huko Wisconsin, akawa anailipia kodi akisubiri bei ipande. Kwa mkataba, faida yote ilikuwa ya chuo. Alichunguzwa, akaonekana hana hatia. Hatimaye chuo kilivuna takriban dola milioni 5, wakati huo yeye keshazikwa. Kwa maoni yangu, wanaomwita mwizi wameuliza swali dogo. Misitu ile ilikuwa nchi ya Waojibwe, wenyeji asilia wa huko, iliyochukuliwa kwa mikataba kama ule wa 1837 kwa malipo duni.

Dhana iliyodumu kuliko zote inahusu barua. Mwaka 1873, lilipowekwa jiwe la msingi la jengo la wanafunzi wa kike, Sage, Ezra alitia ndani yake barua, akasema kwamba jaribio hili likija kushindwa, humo ndimo itakamoonekana sababu. Kwa zaidi ya miaka 120 watu waliamini kwamba alikuwa na shaka na elimu ya wanawake. Jiwe likafunguliwa mwaka 1997, na shaka hiyo haikuwemo. Hatari aliyoitaja ni ugomvi wa madhehebu.

Aliyajua hayo mwilini mwake. Alilelewa Mkweka, yaani wa dhehebu la Kikristo la Quaker, na alipomwoa Mary Ann Wood, Mmethodisti, mwaka 1831, wenzake walimtenga. Baadaye walikuwa tayari kumrudisha kundini iwapo angekiri kwamba anajutia ndoa hiyo. Alikataa, akaishi na mkewe huyo hadi kufa.