"Nitumie Zote, Hata Zile Hujaediti" na Uongo Mwingine Tunaambiwa Kuhusu Picha

Jana saa tano usiku nimeingia kitandani, simu ikalia. Harusi ilikuwa Jumamosi, hii ilikuwa Jumatatu, na bibi harusi anaandika, "Aki kaka, si unitumie tu zote, hata zile hujaediti, hakuna shida, nitachagua mwenyewe." Hiyo ni ya tatu mwezi huu na mwezi bado haujaisha. Miaka tisa nabeba kamera Nairobi hii, ruracio (sherehe za mahari), mahafali, bethdei za watoto, sahani za mahoteli, na hakuna sentensi imenizeesha kama hiyo. Wacha niijibu mara moja.

Watu huamini nimekalia hazina. Ati kwa harusi moja nimepiga picha 2,600, nikakupa 450, kwa hivyo kuna zingine 2,150 tamu sana nimekunyima ndio uniongeze pesa. Hizo 2,150 ni shemeji amefumba macho, ni mjomba mdomo umejaa pilau, ni flashi imekataa kuwaka, ni mgongo wa pasta, na ni picha ile ile moja mara kumi na moja. Na hizo kumi na moja si ujinga wangu. Kuna watu wawili wa Australia walipiga hesabu ya hii maneno hadi wakapewa tuzo ya Ig Nobel mwaka wa 2006: kundi likiwa chini ya watu 20, chukua idadi yao ugawanye kwa 3 kama mwanga ni mzuri, au kwa 2 kama ni mbaya, hizo ndizo picha unapiga ndio upate walau moja yenye kila mtu ako na macho wazi. Sasa nipange familia ya watu 18 chini ya hema saa kumi na mbili jioni, hapo ni picha tisa, na mimi naongeza mbili kwa sababu kila familia iko na shangazi mmoja anapepesa macho akisikia tu "tayari". Unataka zote kumi na moja za nini?

Wabaya zaidi ni wale wamesikia neno RAW mahali, yaani faili mbichi vile imetoka kwa kamera. Kuna mteja alinisumbua wiki mbili nikachoka, nikamjazia diski nikampa. Akaenda nazo saiba, kesho yake asubuhi ananipigia karibu kulia, "Picha zimeharibika, kompyuta inakataa kuzifungua!" Hazikuwa zimeharibika, faili zilikuwa za CR3, aina moja ya RAW, na mashine ya saiba haikuwa na programu ya kuzisoma. Akatafuta binamu mwenye programu, zikafunguka, na hapo ndio vita vikaanza, juu aliona uso wake ni giza na rangi zimepauka kama chai ya pili ya majani yale yale. Nikaambiwa nimemfanya mweusi na ndugu zake wanamcheka.

Sikiza basi. Kamera haijui kuna harusi. Mita yake ya kupima mwanga inajaribu kufanya kila kitu kiwe kijivu cha katikati, iwe ni suti nyeusi ama gauni nyeupe, haijali. Sasa msimamishe bibi harusi ndani ya msitu wa Karura, ngozi ya chokoleti, gauni nyeupe pepepe, jua linapenya kwa matawi na kumwaga madoa kwa bega. Nikipimia uso, lile bega la gauni linaungua, na nyeupe ikishaungua hakuna kitu kimebaki pale ndani, hakuna programu itakurudishia zile shanga zilishonwa wiki tatu. Kwa hivyo nalinda gauni. Napiga giza kidogo makusudi, nikijua uso nitauinua nyumbani, na utainuka bila kuchafuka juu RAW ya biti 14 inabeba ngazi 16,384 za mwanga kwa kila rangi na JPEG ya kawaida inabeba 256 peke yake. Ile giza uliona kwa binamu ni unga, mama, chapati haijaguswa na moto bado.

Huyo binamu akaziwekea filta, miti ya Karura ikageuka rangi ya machungwa, akazipandisha Instagram na jina langu chini. Wiki hiyo watu watatu waliniuliza kama niko sawa.

Kama unataka nyingi, sema mapema, "nataka 600", tunaandika kwa mkataba na bei inajulikana. Kama kuna picha moja unaitafuta, niulize hiyo moja nitachimba, na hiyo sikulipishi. Lakini neno "zote" liache kabisa.

Uongo mwingine nitaupitia haraka haraka.

"Kamera yako ni kali, ndio maana picha ni safi." Hii naambiwa na mtu ameshika simu ya laki na nusu ambayo lenzi iko na mafuta ya chipo. Futa lenzi na shati kwanza. Mohamed Amin, mpiga picha mzaliwa wa hapa hapa Nairobi, alipoteza mkono kwa mlipuko Addis Ababa mwaka wa 1991, akawekewa wa bandia akarudi kazini, na sidhani kuna mtu alimuuliza huo mkono ni megapikseli ngapi.

"Tupige saa sita, jua likiwa zuri." Zuri kwa nguo imeanikwa. Nairobi iko karibu kabisa na ikweta, saa sita mchana jua linasimama juu ya kichwa, macho yanakuwa mashimo mawili na pua inaangusha kivuli kama masharubu. Ukilazimisha, basi nakupeleka chini ya mti au kwa veranda ya jengo na tunatumia kivuli. Na wale wanasema tukutane jioni wafike na saa moja, hapo pia hatuelewani, huku kwetu jua linashuka karibu wima, nyuzi 15 kwa saa, ule mwanga wa dhahabu mnaona kwa picha za wazungu ukikaa jioni nzima hapa unakaa kama dakika arobaini hivi na zile tamu ni ishirini. Nikisema saa kumi na moja na nusu Arboretum, usiniambie uko Museum Hill kwa jam.

"Umenipa picha za kwoliti mbaya." Ulimwambia dada yako azipitishe kwa WhatsApp kama picha, zikakamuliwa. Zitume kama dokumenti. Hii nimesema hadi kwa risiti nimeandika.

"Picha ni zako juu wewe ndio umepiga." Hii ni ya wenzangu na najua wataniudhikia. Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kifungu cha 31, inasema kazi iliyoagizwa hakimiliki yake inahamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana tofauti. Kwa hivyo ukifanya kazi kwa mdomo na M-Pesa bila karatasi, usije kulia eti kampuni imeweka picha yako kwa bango. Andika mkataba. Na kuzipandisha mtandaoni kujipigia debe bila idhini ya walio ndani ni moto mwingine, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ipo na inauma, mwaka wa 2023 kilabu kimoja hapa Nairobi kilipigwa faini ya shilingi 1,850,000 kwa sababu ya picha ya mteja waliyoweka mtandaoni bila kumuuliza.

Bibi harusi wa jana nimemjibu asubuhi, nikamuuliza ni picha gani hasa anatafuta. Amenyamaza karibu lisaa, kisha akaandika, "Ya cucu akicheza na ile fimbo." Cucu ni nyanya yake. Nimeipata. Ina ukungu kidogo kwa mkono, fimbo imekatwa juu, ndio maana niliiacha. Naiediti sai, mkono wacha ukae hivyo hivyo.